Bwawa la Uani: Nini Kitandikwe Chini ya Plastiki?

Mjini Juba maji ni bidhaa ya kununuliwa. Ijapokuwa mto Nile Nyeupe, ambao wenyeji wauita Bahr el Jebel, wapita kando ya mji usiku na mchana, nyumba nyingi hazijafikiwa na bomba. Maji huletwa na malori ya matangi, au na vijana wanaosukuma baiskeli zilizosheheni madumu. Kwa sababu hiyo, mwenye nyumba achimbaye bwawa la samaki uani kwake na kuliacha livuje, hana tofauti na mtu amwagaye mshahara wake mchangani.

Sajini mmoja wa polisi, mkazi wa mtaa wa Gudele, mtu aliyelelewa katika kambi ya Kakuma nchini Kenya na kurudi kwao na Kiswahili chake, alikata shauri kufuga kambale. Samaki wauzwao sokoni kutoka Terekeka na Bor ni watamu, lakini bei yao haingoji mwisho wa mwezi. Alipima shimo la urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha mita 1. Plastiki nyeusi ya bwawa, yenye unene wa nusu milimita, aliiagiza Kampala, ikaletwa kwa njia ya Nimule. Nayo ikameza karibu akiba yote ya nyumba. Swali la kitu cha kutandika chini yake halikumsumbua. Alikusudia kutotandika chochote.

“Kitu kisichoonwa na mtu yeyote, Mama watoto, tukinunulie nini?” aliuliza.

Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akilipia maji, hakubishana. Alichukua kalamu ya mtoto akapiga hesabu nyuma ya daftari. Shimo hilo lingechukua lita 6,000, yaani mapipa 30 ya lita 200. “Baba watoto,” akasema, “likitoboka mara moja, tutayanunua mapipa hayo mara mbili.”

Na hesabu ile ilikuwa na upande wa pili ambao watu wengi huusahau. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hivyo katika bwawa lenye kina cha mita 1, kila mita moja ya mraba ya sakafu hubeba kilo 1,000. Uzito huo huikandamiza plastiki juu ya kila kilicho chini yake. Juu ya udongo laini haidhuriki. Juu ya jiwe lenye ncha, husukumwa hapo mchana na usiku, mwezi baada ya mwezi, hata ikachoka na kupasuka. Aghalabu plastiki haitobolewi siku ya kwanza, na ndiyo maana fundi huwa amekwisha kulipwa na kwenda zake.

Tena udongo wa upande wa magharibi wa Juba si wa kuaminiwa. Ni nchi ya changarawe na mawe, iliyo jirani na mlima wa Jebel Kujur, ambako akina mama wengi hupata riziki kwa kuponda mawe ya kokoto. Kokoto ya kupondwa ina makali kuliko ile iliyolainishwa na mto. Ongeza vipande vya chupa, misumari, mizizi na miiba, na shimo la kawaida uani huwa na silaha za kutosha.

Neno silaha halikutumiwa hapa kwa mzaha. Juba imepita katika vita vingi, na mapigano ya Julai 2016 yalifika hadi kwenye mitaa ya watu, hasa upande wa Jebel. Ardhi ya namna hiyo huenda ikaficha mabaki yasiyolipuka. Kabla ya kupiga jembe, yafaa kuwauliza majirani wakongwe uwanja ule ulikuwa nini zamani. Kikionekana chuma kisichoeleweka, kazi isimame, kisiguswe, watoto waondolewe, mahali pawekwe alama inayoonekana kwa mbali, na polisi wapewe habari ili wataalamu wa kutegua waitwe. Askari wapenzi wasiudhike wakikumbushwa kwamba kujua kufyatua si kujua kutegua. Sajini yule, kwa sifa yake, alimwuliza kwanza mzee wa mtaa, ndipo akachimba, tena polepole.

Ilibaki shauri la tandiko. Kila mtu nyumbani alikuwa na lake: mtoto mkubwa alileta maboksi ya karatasi, bibi wa nyumba akatoa magunia ya katani, na baba akakumbuka blanketi kuukuu la sufu na chandarua kilichochakaa. (Blanketi hilo lilikuwa lake mwenyewe, mali ya kambi haitandikwi bwawani.) Pia yalikuwapo magunia ya plastiki ya sukari, na kipande cha zulia la nailoni lililotolewa katika ofisi iliyokuwa ikihama.

Chandarua kiliondolewa mara moja, na msomaji atie jambo hili moyoni. Vyandarua vingi vigawiwavyo siku hizi vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa za aina hiyo ni sumu kali kwa samaki. Kisiwekwe chini ya plastiki wala kisifunike bwawa, hata kikiwa kimefuliwa mara ngapi.

Kuhusu vingine, mama alitoa shauri la busara. Ilikuwa mwanzo wa mvua, mwezi wa Aprili. Alikata kipande cha kila kitu, akavifukia vyote pembeni mwa ua, kila kimoja na kijiti chake cha alama, akavifukua baada ya miezi miwili. Boksi halikuonekana tena. Gunia la katani lilikuwa nyuzi chache na mchwa tele. Blanketi lilinuka uvundo na kuchanika kwa vidole. Gunia la sukari na zulia vilitoka vichafu lakini vizima. Vilipooshwa, vilirudi kama vilivyokuwa. Ardhi ilikuwa imejibu yenyewe: kilichotokana na mti, pamba au manyoya huoza au huliwa, kisha plastiki hubaki juu ya uwazi na mawe. Gazeti nalo, hata hili, lisomwe tu.

Kitu kifaacho kuliko vyote ni kitambaa cha jeotekstaili, kinene na laini kama blanketi, kilichotengenezwa kwa nyuzi za plastiki, ambacho wahandisi hukitandika chini ya kifusi cha barabara. Anayekinunua achague kile cha nyuzi zilizoshikamanishwa, si kile kilichofumwa kama gunia, kwa maana cha kufumwa hakina unono wa kulinda. Na penye mawe atafute chenye gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Kwa mkoba wa sajini kilikuwa ghali. Akaridhika na zulia.

Mawe yote yenye ncha yaliokotwa kwa mkono, mizizi ikakatwa ndani kabisa ya udongo. Sakafuni ukamwagwa mchanga uliochekechwa, unene wa sentimita 5. Mchanga ni tandiko jema na rahisi, ila haukai ukutani. Huporomoka wote chini na kuuacha ukuta uchi. Kwa hiyo yalitandikwa magunia ya sukari yaliyokunjwa mara mbili, toka ukingo mmoja hadi mwingine, na juu yake zulia, baada ya mama kulipapasa lote kwa kiganja akitafuta vipini vya chuma. Alivipata vinne. Plastiki ilikatwa mita 5.6 kwa mita 4.6, yaani urefu na upana wa shimo pamoja na kina mara mbili na sentimita 60 za kukunja ukingoni. Iliwekwa bila kuvutwa, na waliokanyaga walikanyaga miguu mitupu. Askari akipata uhamisho, vyote hivyo hukunjwa akaenda navyo.

Uzio wa fito ulijengwa kabla ya tone la kwanza, kwani maji ya mita 1 humzamisha mtoto mdogo kimyakimya.

Bwawa lilipojaa, ndoo yenye maji iliwekwa kando yake juani, na vyote viwili vikatiwa alama. Jua la Juba hunywa maji bila kuomba ruhusa, lakini hunywa ndoo na bwawa karibu sawasawa. Kinachopungua zaidi bwawani kimepita chini. Kila asubuhi, kwa siku kumi, mama alipima kwa rula ya shule, na kila asubuhi alama zile mbili zilikuwa zimeshuka pamoja. Siku ya kumi na moja sajini alikwenda kuulizia vifaranga vya kambale.