Kitanda si kiti: Safari ya Gikomba kutafuta mahali pa kumketisha mgeni

BARABARA ya State House jijini Nairobi ina miti mirefu na kivuli cha kutosha. Kando yake yapo mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, majumba ya ghorofa ambayo madirishani mwake huanikwa nguo siku za mwisho wa juma. Mpita njia huyatazama kwa nje akadhani ndani mna nafasi tele.

Lakini hebu, msomaji, bisha hodi uingie. Katika vyumba vingi utakuta vitanda viwili, meza mbili, viti viwili vya mbao na kabati. Nafasi inayobaki katikati ni ya mtu mmoja kupita, tena akipita upande.

Siku za masomo, watu wawili hutoshea humo bila taabu. Taabu huja Jumamosi alasiri, wageni wanapoanza kufika. Wawili wa kwanza hupewa viti. Wa tatu huambiwa, "Keti tu hapo kitandani." Kitanda chenyewe pengine ni cha yule mwenzake wa chumbani, ambaye ametoka na hakuulizwa. Akirudi hukuta shuka zimevurugika na makombo ya mandazi juu ya mto. Ugomvi mwingi wa mabwenini umeanzia hapo.

Tena wapo wazazi. Mama aliyesafiri kwa basi usiku kucha kutoka Busia kuja kumwona mwanawe ataketi wapi? Katika jamii zetu kadhaa, mzazi haketi juu ya kitanda cha mwanawe aliyekwisha kuwa mtu mzima. Atasimama karibu na mlango, aseme hajachoka, ilhali miguu imemvimba.

Kwa hivyo mwanafunzi anayetafuta kiti cha ziada hatafuti pambo. Anatafuta heshima ya mgeni wake na amani na mwenzake.

Mpwa wangu, aliye mwaka wa kwanza, aliniomba tuandamane kwenda sokoni kwa ajili hiyo. Fedha alizokuwa nazo zilitoka katika mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoanzishwa mwaka wa 1995. Fedha za kujikimu ndizo chakula, ndizo vitabu, ndizo nauli. Kila shilingi inayokwenda kwenye kiti imetolewa kwenye sahani.

Kabla ya kuondoka, msichana huyo alifanya jambo la busara. Alichukua uzi akaufunga mafundo matatu. Fundo la kwanza lilikuwa kipimo cha nafasi iliyo chini ya kitanda chake. La pili lilikuwa upana wa njia kati ya vitanda. La tatu lilikuwa mahali mlango unapofika ukifunguliwa wote. Akauviringa uzi ule akautia mfukoni.

Nyundo za Kamukunji

Tuliteremka hadi katikati ya jiji, tukapita River Road na kushika njia ya kuelekea kituo cha mabasi cha Machakos. Kamukunji utaisikia kabla ya kuiona. Nyundo hulia kutwa, mamia kwa mamia, na mtu humsemesha mwenzake kwa kumwinamia sikioni.

Hapa ndipo mafundi wa jua kali wanapokunja mabati na mapipa makuukuu yakawa majiko, makarai na toroli. Jina lao lilitokana na kufanya kazi peupe, bila paa. Hapa pia hutengenezwa yale masanduku ya bati ambayo wanafunzi wa shule za bweni hupeleka shuleni.

Fundi mmoja alipoulizwa habari ya viti alicheka.

"Kasta, wewe unacho kiti tayari. Sanduku lako la shule liko wapi?"

"Nililiacha nyumbani, mzee," mpwa wangu akajibu.

"Basi likija, weka ubao juu yake, halafu mto wa sponji. Umepata kiti na stoo."

Ni ushauri mwema, na haugharimu kitu kwa aliye na sanduku tayari. Ubao ndio siri. Bila ubao, kifuniko cha bati hubonyea siku ya kwanza na kufuli hukataa kufunga.

Palikuwa pia na stuli za bomba la chuma. Anayetaka hizi azigeuze miguu juu, atazame palipochomelewa. Kiungo chema kimezunguka bomba lote. Kilichoshikwa kwa tone mbili tu kitaachana mgeni akiwa na kikombe cha chai mkononi. Kisha aangalie kama miguu imevishwa vifuniko vya mpira, maana chuma kitupu hukwaruza sakafu na kumwamsha jirani wa chini.

Gikomba, soko lisilokata tamaa

Kutoka Kamukunji hadi Gikomba si mbali. Harufu ya chuma hupungua, ya mbao ikaanza. Mto Nairobi unapita papo hapo, na kandokando kuna marundo ya vumbi la mbao na vitanda visivyopakwa rangi bado. Soko hili limeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 uliua watu wasiopungua 15. Lakini kila mara wenyewe hurudi, wakapiga misumari ya vibanda vipya.

Tulianza na upande wa mitumba, palipokuwa na mito minene na makochi madogo ya kuvutia. Hapo nilimshika mpwa wangu mkono. Kiti kilichoshonewa kitambaa na ambacho hujui kimetoka nyumba gani chaweza kuwa na kunguni ndani ya mishono. Bwenini, kunguni wa chumba kimoja ni kunguni wa ghorofa nzima. Anayetaka mto na anunue sponji mpya, aivishe foronya ya kufuliwa.

Viti vya plastiki vilikuwa vingi pia. Ni vyepesi, huoshwa kwa maji na hubebana kimoja juu ya kingine. Vikunje miguu kidogo kwa mkono, na ukiona mistari myeupe, plastiki imechoka. Kasoro yake kubwa kwa mwanafunzi ni kwamba kile chenye mikono hakiingii chini ya kitanda. Uzi wa mpwa wangu ulikikataa mara moja.

Mwanafunzi wa kutoka Lamu angetucheka. Kwao mkeka wa ukindu hutandikwa, watu sita wakaketi, kisha ukakunjwa na kusimamishwa pembeni. Kwa vijana wanaosoma pamoja hakuna kitu rahisi kuliko huo. Lakini mzee mwenye maumivu ya magoti, ukimketisha chini, kumwinua ni kazi nyingine.

Mwishowe tulifika kwa seremala mzee aliyekuwa na vigoda vya mbao, vifupi, vya miguu minne. Alitueleza mambo ya mbao bila haraka. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu yake Februari 2018, mbao zilikuwa adimu na bei ikapanda. Marufuku hiyo iliondolewa Julai 2023, lakini kila fundi hupenda kuuza upesi, na mbao nyingine hufika kwenye randa zikiwa bado mbichi. Mbao mbichi ni nzito kuliko inavyoonekana na ubaridi wake huhisiwa kiganjani. Ikikauka chumbani mwako husinyaa, miguu ikacheza.

"Usiangalie rangi," alisema. "Angalia mguu umeingia wapi. Ukiwa umetiwa ndani ya tundu na kugandishwa kwa gundi, utakaa. Ukiwa umeshikwa na msumari peke yake, umenunua kuni."

Mpwa wangu alitoa uzi wake. Kigoda kilitosha chini ya kitanda, kikabakiza nafasi ya vidole viwili. Hata hivyo alisita.

"Mzee, ni kifupi mno. Mama yangu akija nitamketisha hapa?"

Seremala akaiweka randa chini.

"Mwanangu, hiki si cha mama. Mama mpe kile kiti cha chuo, kilicho na mgongo. Hiki ni chako wewe mwenyeji."

Nadhani neno hilo lilikuwa na thamani kuliko kigoda chenyewe. Wengi wetu tukitafuta kiti cha ziada huwaza kiti cha mgeni, kwa hivyo hutaka kikubwa na cha bei. Lakini mgeni hupewa kilicho bora kati ya vilivyomo, na mwenyeji ndiye husogea. Wachungaji wa Turkana wanalijua hili. Ekicholong, kigoda chao kidogo cha mbao, mwanamume hukibeba mwenyewe mkononi, na popote alipo hakosi pa kuketi wala hamsumbui mtu.

Alinunua viwili, kimoja chake na kimoja cha mwenzake wa chumbani. Kila kigoda kilishikwa kwa mkono mmoja, wala hatukuhitaji mkokoteni.

Kabla hujalipa

Wewe unayejiandaa kwenda chuoni, au mzazi unayempeleka mwana, yakumbuke haya. Muulize msimamizi wa bweni kama vyombo vya nje vinaruhusiwa. Zungumza na mwenzako wa chumbani, kwa maana nafasi ni yenu nyote wawili. Pima kwanza, ununue baadaye. Keti juu ya kiti hicho pale pale sokoni, ujitikise mbele na nyuma. Kisha fikiria siku utakapohitimu. Kiti kizuri utakiuza au utakigawa kwa anayeingia, nacho kitaendelea kupokea wageni usiowajua.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema aje asimame mlangoni.