Kabla ya Bunduki, Nkanka

Mpwa wangu, umeniuliza bunduki ziliingiaje kwetu. Vijana wa rika lako mnadhani zilishuka kutoka Kigali usiku mmoja wa Aprili 1994, na kwamba kabla ya hapo kwetu Nkanka, Rwanda, kulikuwa na Ziwa Kivu, migomba na amani. Nataka nikuanzishie mbali kidogo, darasani, mwaka 1972, siku ya mvua, chumba kimejaa harufu ya sare zilizonyeshewa na moshi wa kuni uliogoma kutoka kwenye nywele zetu. Mwalimu aliingia na daftari, akaamuru Wahutu wasimame. Karibu darasa zima likasimama. Akawaketisha, akatuita Watutsi, tukasimama wachache, macho ya wenzetu yote yametukalia mgongoni. Kulikuwa na mtoto mmoja mwenye meno yaliyoachana, mpole sana, ambaye alisimama mara zote mbili kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia yeye ni nani. Alirudishwa nyumbani akamuulize baba yake. Kesho yake alirudi anajua, na tangu siku hiyo hakuketi tena karibu nami.

Kutengwa kwa kabila lilikuwa jambo la zamani. Wabelgiji ndio walioandika kabila kwenye vitambulisho, miaka ya 1930, na serikali ya uhuru ikavirithi vilevile, ikawageuza tu wanaopendelewa. Mwaka uliofuata, 1973, Watutsi walifukuzwa mashuleni na makazini, na Julai Jenerali Habyarimana akampindua Rais Kayibanda. Baadaye ukaja mgawo rasmi wa nafasi, kila kabila na kila mkoa na fungu lake. Mimi nilifaulu mtihani, jina langu halikutokea kwenye orodha, nikaenda kuuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Nisikilize vizuri hapa: mlango uleule uliofungwa kwetu shuleni ulifungwa pia jeshini. Bunduki za nchi zikakaa mikononi mwa upande mmoja miaka ishirini kabla hazijafyatuliwa.

Usidhani lakini kwamba Wahutu wa Nkanka walikuwa matajiri. Jirani zetu walichuma kahawa kama sisi, wakaimenya kwa mikono, na nyua zote zikanuka ule utamu mchachu wa maganda yanayooza. Serikali ilinunua kilo kwa faranga 125. Julai 1989 mkataba wa dunia wa kahawa ulivunjika, na mwaka 1990 bei ya mkulima ikateremshwa hadi 100. Oktoba waasi wa RPF wakaanza vita kaskazini, Novemba faranga ikashushwa thamani, chumvi na sabuni vikapanda. Mashamba nayo yalikuwa yamegawanywa baba kwa mwana mpaka kijana akirithi anapata matuta machache yaliyoning'inia juu ya ziwa, hayatoshi hata kuolea. Niliwaona vijana wale kila jioni kwenye pombe ya ndizi, magoti nje, hawana kazi wala mchumba. Mtu wa chama akija na kofia, bia na maneno, anawakuta wamekwisha kaa mkao wa kumsikiliza. Kitambulisho ndiyo mali pekee waliyoambiwa wanayo.

Na wakati bei ya kahawa inaanguka, fedha za silaha zilipatikana. Mwaka 1992 serikali ilinunua kutoka Misri silaha za dola milioni 6, benki ya Ufaransa, Crédit Lyonnais, ikiwa mdhamini, na sehemu ya malipo ikaahidiwa kwa chai. Fikiria wanawake waliochuma chai ile kwa kibarua, watoto mgongoni. Ilipofika 1993 maguruneti yaliuzwa masokoni, kwa bei ya chupa chache za bia, karibu na maparachichi.

Ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa Aprili 6, 1994, watu wetu walikimbilia makanisani, kwa sababu zamani kanisa liliwaokoa. Baba na mama walikwenda parokiani. Sikuwaona tena. Mimi nilivuka usiku na mvuvi wa kisiwa cha Nkombo, mtu wa kimo kifupi, uso umekunjamana kwa jua la ziwani, aliyechukua redio yangu na koti la mvua kuwa nauli, akanilaza chini ya nyavu zinazonuka samaki mpaka ng'ambo, Zaire. Hakuniuliza kabila. Alijua.

Mambo ya parokia za Shangi na Mibilizi nimeyasikia kwa waliopona, na mahakama ya kimataifa ya Arusha pia iliyasikia. Washambuliaji wa mwanzo walikuja na mapanga na marungu, na waliojificha parokiani wakawarudisha nyuma kwa mawe. Tarehe 29 na 30 Aprili wakaja wanamgambo wa Interahamwe wa Bugarama, chini ya Yusuf Munyakazi, wakiwa na bunduki na maguruneti. Jiwe halishindani na risasi. Wenye bunduki walivunja safu, wenye mapanga wakafuata, na nyuma yao wakaja waliotaka mabati, ng'ombe na lile shamba la jirani. Mwaka 2010 Munyakazi alihukumiwa miaka 25. Ndiyo maana nakataa mtu akiniambia ilikuwa chuki ya mapanga tu, ya watu wasiosoma. Bunduki zilinunuliwa na wasomi, kwa mkataba, kwa mdhamini.

Julai jeshi la serikali lililoshindwa lilivuka mto Rusizi kuingia Bukavu na silaha nyingi, na ng'ambo ile haijatulia mpaka leo. Huko nako Banyamulenge, Watutsi wa Kongo, wamebishaniwa uraia miaka na miaka, vijana hawana kazi, na mwenye bunduki ndiye anayekula kwenye kizuizi cha barabarani. Nayatambua yote.

Kitambulisho chako wewe hakina kabila. Unavuka daraja kila wiki kwa biashara yako, na ng'ambo utawasikia watu wakihesabiana kwa pua na majina. Ukimwona mtu ametolewa kwenye mstari kwa sababu ya sura yake, usipite kimya, mpwa wangu. Simama naye, ulizia, waite wengine, hapohapo, kabla mwenye bunduki hajafika.