Upepo wa Makambako na Mto wa Kiti

Ukisafiri kutoka Iringa kwenda Mbeya, safari ya kilometa 330 hivi, utapita msitu wa misindano wa Sao Hill karibu na Mafinga. Kisha utafika Makambako, mahali barabara kuu inapokutana na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa Tanzania na Zambia mwaka 1976. Hapo shika kofia yako! Kuanzia Mei hata Septemba upepo wa kusi hupiga nyanda hizi, na baridi yake hufika mifupani.

Tazama baraza za nyumba njiani. Kuna viti vya mianzi na vya mbao, na juu yake mito iliyoshonwa na mama mwenye nyumba. Mto huo ni wa babu mwenye mgongo unaouma, ni wa Padre ajapo kutembelea kigango. Lakini upepo haujui heshima. Hunyakua mto na kuutupa matopeni, au, vibaya zaidi, kwenye mafiga. Sponji hushika moto upesi mno, na moshi wake ni sumu. Basi kufunga mto si urembo tu. Ni kulinda watoto.

Fanya hivi. Kata kanda nne za kitambaa kigumu, kila moja urefu wa mkono mmoja, yaani tangu kiwiko mpaka ncha ya vidole. Zikunje katikati, uzishone ndani ya mshono kwenye pembe nne, mara mbili, maana kanda iliyoshonwa juu juu hung'oka. Za nyuma zifunge kwenye miguu ya mgongo wa kiti, za mbele chini ya kikalio. Kama mbao ni laini na mto huteleza, tandika chini yake kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli.

Usipige misumari. Tumia fundo la kamba ya kiatu, lifunguke upesi, kwa kuwa ukifika Mbeya na kuteremka Tukuyu utakuta mvua nyingi kupita sehemu karibu zote za Tanzania. Mto uliolowa huoza. Jioni uingize ndani. Nao usiuache juani siku nzima, maana jua huivunjavunja sponji.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni wako akifika kutoka barabarani, amechoka na kutetemeka, akute mto mahali pake.