Makali na Mgongo wa Upanga

Mjukuu wangu alinijia likizo iliyopita na daftari lenye kurasa thelathini na mbili. Yumo kidato cha tatu, naye ameanza kutunga hadithi. Nchi yake ni ya kubuni: haina jua, ina ziwa linalong'aa usiku, na watu wake huhesabu miaka kwa kuvuka kwa ndege. Katika nchi hiyo kuna ukoo mmoja unaorithishana katana kwa vizazi saba. Yeyote aichomoaye kwa hasira, hukatwa yeye kwanza.

"Bibi, nisomee," akaniambia. "Lakini usinionee huruma."

Sikumwonea. Miaka thelathini na zaidi ya kusahihisha insha haimtoki mtu kwa kustaafu. Nilichukua kalamu nyekundu, na kila palipoandikwa "katana" nikapiga mstari, juu yake nikaandika "upanga". Nilipofika ukurasa wa nne nikanyanyua macho. Kijana alikuwa akiutazama ule wekundu kama mtu anayetazama nguo yake mpya ikipita kwenye matope.

"Bibi, ukisema upanga, msomaji ataona panga la kufyekea nyasi."

"Basi andika kitara, mume wangu. Kitara ni upanga uliopinda, na hiyo yako imepinda."

"Kitara si lile la kupigia muziki?"

Nikacheka mpaka miwani ikanianguka. Lakini nilipoacha kucheka nikaona ana hoja. Upanga wetu wa kale ulikuwa na makali pande mbili. Sime nayo hukata huku na huku. Jambia ni fupi, la kuvaliwa kiunoni. Kitara kinakaribia kwa umbo, ila neno lenyewe limelala kamusini, na vijana hawalijui. Katana ni chombo cha Wajapani, kina jina lake na ufundi wake. Lugha iliyopokea kitabu, meza na shule haitapungukiwa na kitu kwa kuipokea katana.

Tena lina mchezo wake neno hili. Mswahili akilisikia, husikia kitenzi: kata, katana, yaani mmoja amkate mwenziwe naye akatwe. Kule pwani ya Kenya, kwa Wagiriama, Katana ni jina la mtu. Nawaonya wanaopenda kuunganisha maneno kwa kufanana sauti tu: hakuna udugu hapa. Kwa Kijapani huelezwa kuwa "kata" ni upande mmoja, na "na" ni makali. Ni chombo chenye makali upande mmoja. Hata hivyo bahati hiyo ya sauti ilinikaa moyoni siku nzima.

Jioni mjukuu alinisimulia yale aliyoyasoma kabla ya kutunga. Mhunzi wa Kijapani huanza na mchanga wenye chuma, akauyeyusha kwa makaa katika tanuri la udongo. Chuma cha pua akipatacho hukikunja na kukifua mara nyingi ili taka zitoke. Upanga ukishapata umbo, huupaka udongo: mwembamba penye makali, mnene mgongoni. Kisha huupasha moto na kuutosa majini. Makali hupoa upesi yakawa magumu. Mgongo hupoa polepole ukabaki laini. Tofauti hiyo ndiyo huupinda upanga, na ndiyo huuzuia usivunjike unapopigwa. Ungekuwa mgumu wote, ungepasuka kama kigae.

Akanisimulia pia hekaya ya wahunzi wawili, Masamune na Muramasa. Panga zao zilisimikwa katika kijito, makali yakielekea mkondo. Wa Muramasa ulikata kila kilichopita, majani na samaki. Wa Masamune samaki waliupita salama, na majani yakaambaa pembeni. Mtawa aliyekuwa akitazama akasema kuwa huu wa pili ndio bora, kwa kuwa haumwagi damu ya asiye na kosa. Kihistoria haiwezekani: Masamune aliishi mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa ile ya 14, na Muramasa alimfuata karne moja na zaidi baadaye. Ni hekaya, na ukweli wake ni wa hekaya.

Usiku ule sikulala vema. Nilimkumbuka msichana mmoja wa kidato cha pili, zamani, katika shule nisiyoitaja. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na cheti kikiwa bado kinanukia wino. Niliagiza insha ya ukurasa mmoja. Yeye akaniletea saba, kisa cha ufalme aliouzua mwenyewe. Upatanisho wa kisarufi ulikuwa umemshinda. Nilisimama mbele ya darasa nikasoma makosa yake, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mzaha. Darasa likacheka. Tangu siku ile aliandika ukurasa mmoja, kama nilivyoagiza, hadi alipomaliza shule.

Ukali ule sikuuzua mimi. Mwalimu wangu alinisomea makosa yangu vivyo hivyo, na yamkini naye alisomewa ya kwake. Tulirithishana makali bila mgongo, tukayaita malezi. Alikatwa msichana yule, nami nilikatwa, maana sijui leo ufalme wake uliishia wapi, na ningependa kujua.

Si kila urithi hudumu. Upanga wa Honjō Masamune ulirithishwa katika ukoo wa Tokugawa, watawala wa Japani. Baada ya vita kwisha mwaka 1945 ulisalimishwa pamoja na silaha nyingine, na hadi leo haujulikani ulipo. Inasikitisha kwa kazi nzuri kama ile. Lakini upo urithi ambao ukipotelea mikononi mwangu sitautafuta.

Alfajiri nilichukua daftari na kalamu ya risasi. Nikaandika pembeni ya ukurasa wa kwanza: "Katana ibaki. Rekebisha upatanisho, ukurasa wa 2, 5 na 9. Je, huyu wa kizazi cha saba ataichomoa?" Makosa sikuyafumbia macho, kosa ni kosa. Chini yake nikamwandikia ubeti huu:

*Upanga una makali, ila mgongo mpole,*
*Nilishika kwa ukali, kalamu miaka tele,*
*Popote alipo mbali, nisamehewe na yule,*
*Mjukuu tunga kweli, hadithi iende mbele.*

Aliusoma akiwa amesimama, kisha akaniuliza "yule" ni nani. Nikamwambia aketi, nimsimulie.