Ruta ya nyumba yenye watu wengi

Nyumbani kwetu Mji Mkongwe tunaishi watu 9, na vifaa vinavyotegemea intaneti ni 14. Jioni watoto wanapodurusu masomo, mazungumzo ya mama na dada yangu aliyeko Maskati yalikuwa yakikatika. Kwa mzazi, simu hiyo ndiyo kuunga udugu. Sikuweza kuihesabu kuwa anasa.

Kabla ya kununua ruta mpya, nilizingatia mambo matatu. Kwanza, ruta haiongezi kasi kupita kifurushi ulicholipia; hugawa kilichopo. Pili, ruta ya Wi-Fi 6 huweza kuhudumia vifaa kadhaa kwa pamoja, ilimradi navyo viwe vya aina hiyo, bila kila kimoja kungoja zamu. Tatu, kuta zetu za mawe ni nene: mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi lakini hudhoofika upesi, ilhali ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi.

Nikachagua yenye mawimbi yote mawili, nikaitundika katikati ya nyumba, na runinga nikaiunganisha kwa waya ili iwapunguzie wengine msongamano.

Anayetaka kununua na aulize kwanza: ni nani nyumbani huumia zaidi mtandao ukikatika? Kwetu ni mama, na chumbani mwake ndimo nilimoanza kupima.