Ndege Iliyotupiga Picha

Huenda msomaji akashangaa kukuta habari za kiwanja cha ndege cha Uingereza katikati ya insha zinazohusu utamaduni wa taifa letu la Kenya. Sisi wenyewe hatukutazamia kuziandika. Tulikwenda Duxford kwa matembezi tu, tukiwa tumestaafu ualimu baada ya miaka mingi ya kusomesha jiografia, na binti yetu afanyaye kazi mjini Cambridge ndiye aliyetununulia tikiti na kutuazima kamera yake. Alijua kwamba baba yake, tangu utotoni, hajapata kusikia ndege ikipita bila kuinua uso kuitazama.

Duxford iko kama kilomita 13 kusini ya Cambridge. Kiwanja chake kilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na baadhi ya mabanda ya enzi hizo yangali yamesimama. Hapo ndipo kikosi nambari 19 kilipopokea ndege za Spitfire mwezi Agosti 1938, kabla ya kikosi kingine chochote. Na kutoka hapo marubani waliruka kupambana na Wajerumani katika kiangazi cha mwaka 1940. Tangu 1943 kiwanja kilikuwa mikononi mwa Wamarekani. Jeshi la Uingereza lilikiacha mwaka 1961, na leo ni sehemu ya makumbusho ya vita. Lakini si makumbusho ya vitu vilivyolala nyuma ya vioo. Siku za maonyesho ndege kongwe hutiwa mafuta, injini zikapashwa moto, nazo zikapaa mbele ya maelfu ya watu waliokwisha lipa kiingilio, wengi wao wakiwa na kamera shingoni. Ndivyo tulivyowakuta mwezi mmoja wa Septemba, miaka michache iliyopita.

Kabla ya siku ile tulidhani kuwa kupiga picha ya ndege irukayo ni kazi ya kuwahi tu. Spitfire ya kwanza ilipopita tuliliacha jicho la kamera lifunguke kwa muda wa 1/1000 ya sekunde, kisha tukaitazama picha kwa fahari. Ndege ilionekana wazi, hata maandishi ya ubavuni yakasomeka. Hata hivyo rafadha yake, yaani yale mapanga yazungukayo puani, ilikuwa imesimama kabisa, na ndege yote ilifanana na kitu cha kuchezea kilichotundikwa kwa uzi. Jirani yetu, mzee wa Kiingereza aliyekaa juu ya kiti cha kukunja, alichungulia akatabasamu. Ndiye aliyetufundisha kwamba mwenye kupiga picha ndege za namna hii hana budi kuipunguza kasi ya kamera mpaka 1/160, au hata 1/125, ili mapanga yapate kuzunguka na kuacha duara la ukungu ndani ya picha. Na kwa kuwa huo ni muda mrefu, mpigaji sharti aisindikize ndege kwa mwili wake wote, miguu imetulia, kiuno kikigeuka taratibu kama cha mtu afyekaye nyasi, wala asikome kugeuka hata akiisha kubonyeza. Picha nyingi huharibika. Tulipiga zaidi ya mia mbili kabla ya kupata chache za kuturidhisha.

Tabu nyingine ilikuwa jua. Sisi watu wa ikweta tumezoea jua la adhuhuri likae utosini, lakini kule hukaa upande wa kusini, na watazamaji wa Duxford husimama kaskazini ya njia ya kurukia wakiwa wameelekea kusini. Kwa hiyo mchana kutwa mwangaza huwa machoni mwao, na ndege nyingi hutokea nyeusi kama kivuli. Mzee yule alituambia tungoje zinapokata kona, mbawa zikainama na kuushika mwanga. Tukangoja. Na tukiri bila kuficha kwamba tulifurahi. Injini ya Merlin yenye silinda kumi na mbili ina mngurumo wa kina ambao huusikii kwa masikio peke yake, huusikia kifuani. Na bawa la Spitfire, lililopindwa kama jani, ni zuri kwa kila mwenye macho. Uzuri huo ulibuniwa kwa ajili ya kuua, wala hatukulisahau jambo hilo. Tuliendelea kupiga picha.

Alasiri ikaja Lancaster. Ilitokea mbali, chini chini, ndege nyeusi ya injini nne yenye mbawa za zaidi ya mita 31, na uwanja mzima ukanyamaza. Zilitengenezwa 7,377, na katika dunia nzima zirukazo leo ni mbili tu, moja Uingereza na nyingine Canada. Jirani yetu hakuinua kamera. Alisimama, akavua kofia, na ilipokwisha pita tukaona anafuta macho. Kaka ya baba yake alifia katika ndege kama hiyo, mmoja wa watu 55,573 wa kikosi cha Waingereza cha kudondosha mabomu waliopoteza maisha vitani. Hatukumtajia Hamburg ya mwaka 1943 wala Dresden ya 1945. Kuna wakati wa kumwambia mtu hesabu ya wenzake, na kuna wakati wa kumwacha amlilie ndugu yake.

Alipotulia akatuuliza tumetoka wapi. Tukamjibu. Uso wake ukachangamka, akasema kwamba ndege ile ilipata kufika kwetu.

Maneno yake yalikuwa ya kweli. Lancaster ile, yenye nambari PA474, ilitengenezwa mwaka 1945 ili iende kupigana na Wajapani, vita vikamalizika kabla haijaenda. Hivyo haikupata kudondosha bomu lolote vitani. Badala yake ilitiwa kamera, ikakabidhiwa kikosi nambari 82, ikatumwa kupiga picha za nchi katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini, kazi iliyofanywa mpaka mwaka 1952. Ilihitajika ramani ya makoloni, na idara ya upimaji iliyoundwa Uingereza mwaka 1946 ilizitegemea picha za kikosi hicho. Ndege ilikwenda kwa mistari iliyonyooka, ikipiga picha zinazopandana, kila moja ikirudia zaidi ya nusu ya iliyotangulia. Picha mbili kama hizo zikitazamwa pamoja, moja kwa kila jicho, kilima huinuka na bonde likazama, na mchoraji aliye mezani Uingereza huweza kupima mwinuko wa mahali asipopata kupakanyaga.

Walimu wenzetu wataikumbuka ramani ya 1:50,000. Tuliitandaza juu ya madawati miaka nenda miaka rudi. Tuliwafundisha wanafunzi kusoma kontua, kutaja nambari za gridi, kukadiria urefu wa mto kwa uzi. Pembezoni mwa karatasi palikuwa na maandishi madogo yaelezayo kwamba ramani imechorwa kutokana na picha zilizopigwa toka angani. Hatukumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyeuliza nani alizipiga, kwa amri ya nani, na waliokuwa chini walikuwa wakifanya nini saa ile. Mwalimu naye hakuuliza. Tulikuwa tumesimama Duxford tangu asubuhi tukihangaika kuipata ndege katika kamera, kumbe ndege za kikosi chake zilikwisha kuipata nchi yetu, vilima, mashamba na vijumba vyake, kabla sisi hatujazaliwa.

Kiswahili chetu hutumia kitenzi kimoja kwa picha na kwa mabomu: vyote viwili hupigwa. Huenda ni bahati ya lugha tu. Lakini Lancaster ilikuwa na mdogo wake, Lincoln, ambayo hapo mwanzo iliitwa kwa jina hilo hilo la Lancaster, na Lincoln zilifika Nairobi, katika kiwanja cha Eastleigh, mwishoni mwa mwaka 1953. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya ilifanywa maeneo yaliyokatazwa, na aonekanaye humo aliweza kuuawa bila kuulizwa. Hadi mwaka 1955 Lincoln ziliitupia misitu hiyo mabomu ya ratili 500 na 1,000. Wapiganaji walikufa, na tembo na vifaru walijeruhiwa pia. Leo hakuna hata Lincoln moja irukayo popote duniani.

Kabla ya Lincoln ziliwahi kuja Harvard, ndege ndogo za kufundishia marubani, ambazo zilifungwa vibomu vya ratili ishirini na bunduki, zikawa na kituo Mweiga, karibu na Nyeri. Hizo zingali zinaruka kwa wingi. Jioni ile Harvard moja ya manjano ilipaa, watoto wakaipungia mikono. Ncha za rafadha yake huenda kwa kasi iliyokaribia ile ya sauti, ndiyo maana mlio wake una ukali ambao ndege nyingine hazina. Tuliisikia kabla ya kuiona, na mkono wetu ukaganda juu ya kamera. Ilikuwa sauti ya kitambaa kinachochanwa.

Maneno hayo si yetu. Ni ya mama yetu mzazi, aliyekuwa msichana mdogo kando ya msitu wa Nyandarua katika miaka hiyo. Tulipokuwa watoto alipata kutuambia, mara moja tu, kwamba kulikuwa na ndege iliyolia kama kitambaa kinachochanwa, kisha akaendelea kumenya viazi. Hatukumuuliza zaidi. Waingereza wametumia fedha nyingi na ustadi mwingi ili milio hiyo isipotee, hata mtoto wa leo aweza kuisikia. Wazee wetu walioisikia wakiwa chini yake hupungua kila mwaka. Nasi, tulioweza kufundisha darasa zima umbo la Nyandarua kwa kontua, tulikuwa hatujamwekea mama hata daftari moja.

Tuliporudi nyumbani tulisafisha picha kumi na mbili mjini Nyeri, tukampelekea. Alikuwa ameketi uani, akiota jua. Spitfire aliipitia kama mtu apitiaye picha za harusi ya watu asiowajua. Tukamwonyesha Harvard, ile picha yetu bora, mapanga yakiwa duara safi la ukungu, tukamwambia ndiyo iliyokuwa ikilia vile. Aliishika kwa muda mrefu.

Akasema hawezi kuikana wala kuikubali, kwani hakupata kuiona. Waliposikia mlio walilala kifudifudi, na mtoto aliyeinua uso alikandamizwa kichwa na mkubwa aliyekuwa karibu. Alichokiona yeye ni udongo, na kisigino cha dada yake. Alikumbuka pia ndege nyingine iliyosema Kigikuyu kwa sauti kubwa toka juu, ikiwaambia walioko msituni watoke, na karatasi zilizoanguka kama majani. Safari hii tulikuwa na daftari.

Picha ya mwisho haikuwa na thamani yoyote kwa mpiga picha. Tulikuwa tumechelewa kubonyeza, Harvard imekwisha toka pembeni, ukabaki mkia wake tu, na chini yake umati wa watu, wazee kwa watoto, nyuso zote zikiwa juu. Mama aliishikilia hiyo kuliko zote. Kwa kuwa tulirithi jina la baba yake, yeye hutuita baba.

“Baba,” akasema, “mbona watu hawa wamesimama?”

Tukamweleza kwamba walikuwa wamelipa kiingilio. Akaomba miwani yake, akaitazama upya.