Mitutu Mingi, Hofu Moja

Wahenga walinena kuwa kila ndege huruka kwa ubawa wake. Wenzangu hukusanya stempu na sarafu. Mimi hukusanya picha na michoro ya bastola kongwe zenye mitutu mingi. Bastola zenyewe sina, wala sitarajii kuwa nazo. Nyingi zimo mikononi mwa matajiri na katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, nami ni mwanafunzi ambaye hata nauli ya kwenda nyumbani humtoa jasho.

Waama, ndugu msomaji, bastola ya gumegume, na baadaye ya fataki, aghalabu ilikuwa na mtutu mmoja na risasi moja. Aliyekosa shabaha alibaki na kipande cha chuma mbele ya adui aliye hai. Ndipo mafundi wakaongeza mitutu. Bastola iitwayo guu la bata ilikuwa na mitutu minne iliyotanuka mfano wa vidole vya ndege huyo, yote ikalipuka kwa mpigo mmoja. Mwaka 1837, Ethan Allen wa Massachusetts alipata hataza ya mtambo wa bastola ambazo mitutu yake, mara nyingi sita, hujizungusha kila kifyatulio kivutwapo. Mwaka uo huo Mariette alipata yake nchini Ubelgiji. Zake hutambulika kwa kifyatulio cha pete, na zilizokaguliwa Liège zina muhuri wa duara dufu wenye herufi ELG. Kwa mkusanyaji, muhuri kama huo hushinda nakshi.

Bastola za Allen zilibebwa na wengi waliokimbilia dhahabu ya California mwaka 1849. Hata hivyo, zilikuwa nzito upande wa mbele, shabaha yake duni, na pengine moto wa fataki moja uliziwasha jirani zake. Samuel Colt, mwenye hataza ya mwaka 1836, alitosheka na mtutu mmoja, akazungusha risasi nyuma yake. Mitutu mingi ikapitwa na wakati.

Mama hakuzipenda picha hizi. Mwaka 2004, majambazi walimpiga kaka yangu risasi ya bega, na mkono wake wa kulia haujanyooka tangu hapo.

"Mwanangu," aliniuliza, "hivi ndivyo vitu vya kubandika ukutani?"

Nilimjibu kuwa silaha iliyomjeruhi kaka ilitokea gizani ikatokomea gizani. Hizi hutulia, nikazitazama hadi nikaelewa. Nami nimeelewa kwamba kila mtutu ulioongezwa ni hofu ya mwanadamu iliyogeuzwa chuma. Hofu haikupungua; bastola ndiyo iliyozidi uzito.

Mama aliniomba nizitie kwenye jalada, nikatii. Kaka ndiye huja kuliomba, akazipekua kwa mkono wa kushoto. Husema kuwa bastola imepata makao yanayoistahiki pale tu inapofungiwa ndani ya kabati la kioo, bila risasi, na watoto wakapita wakiishangaa.